Nyanya za Kijani Hazikuwa Taka: Historia ya Chakula Kilichookolewa na Akina Mama



Kila penye bustani ya nyanya nyuma ya nyumba, hazikosekani nyanya ambazo hazikuwahi kuiva. Mvua zinapozidi, majani hushikwa na ugonjwa, mche hunyauka, na matunda yanabaki kijani yakining'inia. Aghlabu tunaung'oa mche wote na kuutupa jaani pamoja na matunda yake, kisha tunakwenda sokoni kununua nyanya nyingine.

Sote tunajua kwamba israfu imekatazwa, na watoto wetu wanafundishwa hivyo madrasa tangu wadogo. Lakini kujua kwamba kutupa ni vibaya hakutoshi. Mtu hutupa kwa sababu hajui afanye nini na kile alicho nacho. Kwa hiyo leo tumeona tuzungumzie historia ya watu waliokuwa na tatizo hilihili, ila kwao halikuwa jambo dogo. Hao ni akina mama wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Na ajabu ni kwamba ufundi waliokuja kuutegemea ulitoka Mashariki, na jina lake moja tunalo mpaka leo katika majiko yetu.

NYANYA ILIKOTOKA

Nyanya, au tungule kama wasemavyo ndugu zetu wa Zanzibar, si mmea wa asili wa Afrika wala wa Ulaya. Jamaa zake wa mwituni wanapatikana magharibi mwa Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru na Ekwado, na waliouendeleza kuwa zao la shamba ni watu wa Mexico. Jina lake la Kiingereza limetokana na neno tomatl la Kinahuatl, lugha ya Waazteki.

Baada ya Wahispania kuuteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, mmea huu ulivushwa bahari. Mwaka 1544 tabibu wa Kiitalia, Pietro Andrea Mattioli, alikwisha kuutaja katika kitabu chake cha mimea. Waingereza waliuogopa. Mwaka 1597 John Gerard, aliyekuwa mtaalamu wa mimea mjini London, aliandika kwamba mmea wote unanuka vibaya. Ilichukua muda mrefu mpaka watu wa kawaida wa huko wakaizoea nyanya mezani.

Tatizo la Uingereza lilikuwa jua. Nyanya ni mmea wa nchi za joto. Huko kwao mche hauwezi kutolewa nje mpaka baridi ipungue mwishoni mwa Mei au Juni, na ikifika Oktoba huja jalidi, yaani umande unaoganda usiku na kuua majani yote. Kwa hiyo mkulima wa Kiingereza asiye na nyumba ya vioo alikuwa na miezi michache tu. Kila mwaka, hata akifanya juhudi namna gani, msimu ulimwisha hali ya kuwa kuna nyanya nyingi bado kijani.

UFUNDI WA SIKI KUTOKA MASHARIKI

Kabla nyanya haijajulikana katika nchi za Waislamu, watu wake walikuwa mabingwa wa kuhifadhi mboga kwa siki na chumvi. Mjini Baghdad, kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq cha karne ya 10, na kile cha Muhammad ibn al-Hasan al-Baghdadi cha mwaka 1226, vyote vinaeleza vyakula vya kuwekwa katika siki. Biringanya, ambaye ni jamaa wa nyanya, alikuwa mmoja wao. Kisha nyanya ilipofika kwa Waturuki iliingia katika ufundi uliokwisha kukomaa. Hesabu za jiko la Sultani mjini Istanbul za mwishoni mwa karne ya 17 zinataja kavata, aina ya nyanya iliyoliwa ingali kijani. Mpaka leo Waturuki hutia nyanya za kijani katika chumvi na siki na kuzila wakati wa baridi.

Upande wa Uajemi na Bara Hindi nako kulikuwa na achar. Sisi tunasema achari, na neno hilo limetufikia likiwa na asili ya Kiajemi. Achari ya ndimu na achari ya embe changa ni vyakula vya nyumbani kwetu. Tuangalie hapo vizuri: embe la achari huchumwa makusudi kabla halijaiva. Watu wa Bahari ya Hindi walijua zamani kwamba tunda bichi lina kazi yake, na kwamba ukali wake ndio unaotakiwa. Na pamoja na achari kulikuwa na chatne, ambayo jina lake ni la Kihindi na linatokana na neno la kulamba.

Wafanyabiashara na maafisa wa Kiingereza waliokwenda India, kuanzia Kampuni ya Mashariki ya India iliyoanzishwa mwaka 1600, walivizoea vyakula hivi. Waliporudi kwao walivitamani, lakini maembe hawakuwa nayo. Mwaka 1861 Isabella Beeton alichapisha kitabu maarufu cha utunzaji wa nyumba, na ndani yake mna chatne ya embe inayotajwa kuwa ni ya Bengal. Msomaji akitazama vipimo vyake, hakuna embe hata moja! Mna sukari, chumvi, vitunguu, tangawizi, pilipili, zabibu kavu, siki, na matufaha 30 makubwa, machachu, ambayo hayajaiva. Yaani mwanafunzi alikuwa ameishika siri ya mwalimu wake. Kama hana embe changa, atafute tunda jingine changa. Kutoka kwenye tufaha bichi hadi kwenye nyanya ya kijani ilibaki hatua moja tu, na akina mama wa Kiingereza waliipiga.

VITA VYAFUNGA NJIA ZA CHAKULA

Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani. Nchi hiyo ilikuwa ikitegemea meli kwa zaidi ya nusu ya chakula chake, na nyambizi za Kijerumani zilianza kuzizamisha meli hizo. Tarehe 8 Januari 1940 mgao ulianza. Siagi, sukari na nyama ya nguruwe vilikuwa vya kwanza kuuzwa kwa kitabu cha mgao, na vyakula vingine vikafuata. Kwa sehemu kubwa ya vita mtu mmoja alipata sukari gramu 227 hivi kwa wiki, ya chai, ya mikate na ya kila kitu.

Nyanya nazo zilipata msiba wake. Kisiwa cha Guernsey, kilichoko karibu na Ufaransa, kilikuwa kikiishi kwa kulima nyanya katika nyumba za vioo na kuziuza Uingereza. Tarehe 28 Juni 1940, malori yalikuwa yamepanga foleni katika bandari ya St Peter Port yakisubiri kupakia nyanya melini. Ndege za Kijerumani ziliyapiga mabomu, ikisemwa kwamba marubani waliyadhania kuwa ni magari ya jeshi. Zaidi ya watu 30 waliuawa. Siku mbili baadaye kisiwa kilitekwa, na hakikukombolewa mpaka Mei 1945. Pamoja na nyanya, vitunguu pia viliadimika, kwani vingi vilikuwa vikitoka visiwa hivyo na pwani ya Ufaransa.

Basi serikali iliwaambia raia walime wenyewe. Kampeni iliyojulikana kwa jina la Dig for Victory, yaani limeni ili tushinde, ilianza mwaka 1939. Viwanja vidogo vya kukodi ambavyo wakazi wa mijini hulima mboga vilikuwa kiasi cha 815,000 kabla ya vita, na kufikia 1943 vilikuwa kama milioni 1.4. Bustani za maua na viwanja vya michezo viligeuzwa kuwa mashamba. Watu ambao hawakuwahi kushika jembe walijifunza kupanda viazi, karoti, kabichi na nyanya.

Na mwezi Agosti 1940 kupoteza chakula kulifanywa kuwa kosa la jinai. Mtu aliweza kushitakiwa na kutozwa faini kwa kutupa chakula kinacholika.

OKTOBA YA NYANYA ZA KIJANI

Sasa fikiria, ndugu msomaji, familia ya mjini iliyopanda nyanya kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Imemwagilia tangu Juni, na usiku wa jalidi unakaribia. Miche imebeba kilo kadhaa za nyanya, na nusu yake ni kijani. Kuzitupa ni hasara na ni kosa. Walizifanyia nini?

Njia ya kwanza ilikuwa kuziivisha ndani ya nyumba. Zilizokwisha kukomaa zilipangwa katika droo au sanduku, zimefungwa karatasi, na tufaha moja bivu likawekwa kati yake. Wazee walijua kwamba njia hii inafaa bila ya kujua sababu yake. Sababu ilithibitishwa na mwanasayansi wa Kiingereza, Richard Gane, mwaka 1934, miaka mitano tu kabla ya vita. Alionyesha kwamba tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyaamsha matunda mengine yaive. Jua halihitajiki. Kinachohitajika ni joto la wastani, kwani nyanya ya kijani ikikaa mahali penye baridi kali haiivi vizuri.

Njia ya pili ilikuwa chatne. Hii ilifaa zaidi kwa zile changa ambazo haziwezi kuiva tena. Zilikatwa na kupikwa polepole kwa siki, chumvi, viungo na sukari kidogo, pamoja na matufaha yaliyoanguka chini ya miti. Palipokosekana vitunguu viliwekwa vitunguu vya majani. Chupa moja ya chatne iliweza kukaa kabatini miezi mingi, na ilikuwa na faida nyingine kubwa: chakula cha mgao kilikuwa hakina ladha, na kijiko kimoja cha chatne kilikipa uhai.

Njia ya tatu ilikuwa kuzikata vipande vinene, kuzipaka unga na kuzikaanga. Njia hii ilijulikana zaidi Marekani. Mapishi yake yanaonekana katika vitabu na magazeti ya majimbo ya kaskazini na ya kati ya nchi hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Leo wengi wanadhani ni chakula cha kusini mwa Marekani tu, kwa sababu ya filamu ya mwaka 1991 iliyopewa jina la chakula hicho.

Elimu hii haikuenea yenyewe. Wizara ya Chakula, iliyoongozwa na Lord Woolton kuanzia Aprili 1940 mpaka 1943, ilitangaza mapishi magazetini kila wiki. Redio ya BBC ilianzisha kipindi cha asubuhi cha mapishi, The Kitchen Front, mwezi Juni 1940. Lakini kazi kubwa ilifanywa na akina mama wenyewe vijijini kupitia chama chao cha Women's Institute. Serikali ilikubali kuwapa sukari maalumu, nao wakafungua vituo vya kuhifadhi matunda katika majumba ya mikutano, mashuleni na majikoni mwao. Kati ya 1940 na 1945 walihifadhi zaidi ya tani 5,300 za matunda ambayo yangeozea chini ya miti. Walifanya kazi hiyo kwa kujitolea, na jamu waliyotengeneza iliingia katika mgao wa watu wote.

UPANDE WA PILI WA HISTORIA

Haitakuwa uadilifu kuisimulia historia hii kama kisa cha ushujaa peke yake. Mgao wa Uingereza ulikuwa mchungu, lakini ulihakikisha kwamba tajiri na maskini wanapata fungu lao. Wengi waliokuwa chini ya utawala wa kikoloni hawakupata ulinzi huo.

Bengal, nchi ambayo jina lake limo katika chatne ya mwaka 1861, na ambayo wakazi wake wengi walikuwa Waislamu, ilipatwa na njaa kubwa mwaka 1943. Mchele wa Burma ulikatika baada ya Wajapani kuiteka nchi hiyo mwaka 1942, kimbunga kiliharibu mashamba Oktoba ya mwaka huohuo, bei zilipanda kupita uwezo wa maskini, na maamuzi ya serikali ya wakati wa vita yalizidisha balaa. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya milioni 2 na milioni 3. Karibu na kwetu zaidi, Rwanda ilipitia njaa iitwayo Ruzagayura mwaka 1943 na 1944. Ukame na ugonjwa wa viazi vilikutana na matakwa ya vita ya wakoloni wa Kibelgiji, ambao walikuwa wakitaka mazao yapelekwe Kongo. Watu wengi walikufa na wengine wengi walihama.

Tumelitaja hili ili wanafunzi wetu wasije wakafahamu kwamba njaa huletwa na mama asiyejua kutengeneza achari. Akina mama wa Bengal na wa Rwanda hawakuwa wabadhirifu. Kutotupa chakula ni wajibu wa nyumba, na kugawa kwa haki ni wajibu wa watawala. Moja halichukui nafasi ya jingine.

KILICHOSAHAULIKA

Mgao uliisha kabisa Uingereza tarehe 4 Julai 1954, baada ya miaka 14. Friji zikaenea, maduka makubwa yakajaa nyanya nyekundu mwaka mzima, na droo zile zikasahaulika katika nyumba nyingi. Tunda ni lilelile, jalidi ni ileile. Kilichoondoka ni elimu, na elimu ilipoondoka chakula kikageuka taka.

Leo hali imekuwa kubwa kuliko nchi moja. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Hazikutoka viwandani wala mahotelini, bali katika majiko kama yetu. Na ripoti hiyo inaonyesha kwamba si tatizo la nchi tajiri peke yake.

TUFANYE NINI MAJUMBANI MWETU

Sisi hatuna jalidi, lakini tuna mvua ndefu na tuna bakajani chelewa, ugonjwa unaokausha miche ya nyanya hasa sehemu za milimani zenye baridi na unyevu. Unapoona majani yameanza kushikwa, chuma mapema matunda ambayo bado ni mazima. Yatenge hivi:

Yaliyokomaa, yenye ngozi inayong'aa na rangi iliyoanza kupauka, yaweke katika kikapu au boksi pamoja na ndizi mbivu, mahali pakavu pasipo na baridi. Yaangalie kila siku na uondoe lolote lililoanza kuoza.

Yaliyo machanga na magumu, yafanye achari. Vipimo vyake ni hivi:

- Nyanya za kijani kilo 1, zikatwe vipande vidogo
- Vitunguu maji nusu kilo
- Siki nusu lita
- Sukari robo kilo
- Chumvi vijiko 2 vya chai
- Tangawizi iliyotwangwa, thomu na pilipili kiasi upendacho

Tia vyote katika sufuria isiyokuwa ya alumini, kwani siki haipatani nayo. Pika kwa moto mdogo kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ukikoroga mara kwa mara isishike chini, mpaka iwe nzito. Itie ingali moto katika chupa za gilasi zilizooshwa na kuchemshwa, funika, na zikipoa ziweke katika friji. Usipunguze siki, kwa sababu ukali wake ndio unaozuia achari kuharibika.

Tahadhari mbili. Tunda lenye mabaka ya ugonjwa au lililooza lisitumiwe kwa achari. Na majani na vikonyo vya nyanya visiliwe kabisa, kwani vina tomatini, sumu ya asili ya mmea huo. Nyanya changa nazo zina kiasi chake, ambacho hupungua kadiri zinavyoiva. Kwa hiyo ziliwe kwa kiasi kama kitoweleo, wala zisifanywe chakula kizima.

Mwisho, tunawaomba wanafunzi wetu wafanye jambo moja. Waketi na bibi zao wawaulize: zamani mlikuwa mnahifadhi nini, na kwa njia gani? Wayaandike majibu katika daftari pamoja na vipimo. Akina mama wa Uingereza waliokoa tani elfu kadhaa kwa sababu palikuwa na mtu anayejua na mtu aliye tayari kufundishwa. Kwetu wanaojua bado wapo, Alhamdulillah, lakini hawatakuwapo daima.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe wenye kuzishukuru neema Zake na kuzitumia vyema, na awaruzuku wale wasio na chakula usiku wa leo. Aamiyn.